Barafu ya Sikio Moja

Kwanza mjue benchi ni langu. Mbao nilinunua mimi, misumari nilipiga mimi, na kivuli ni cha kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, hapa Homa Bay, barabara ya kushuka ziwani, mkabala na geti la Kampuni ya Barafu ya Nyota. Lakini ukipita hapo asubuhi utanikuta nimesimama na spana mkononi, na wenyewe wameketi. Wanakunywa kahawa ya Hibo, yule mama Msomali wa duka la pembeni, ambaye alituhamisha kutoka chai ya maziwa hadi kahawa ya tangawizi bila sisi kujua tumehama. Mwaka huo wa tisini na sita hawakuwa na mazungumzo mengine ila kampuni. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli kubwa, wakubwa wamerudi Nairobi, na askari wa mwisho kutoka pale alituambia neno moja tu, kwamba kampuni imekufa. Akavua kofia, akaenda zake.

Wa kwanza kufika kila siku alikuwa Wakili. Jina lake ni Kerosi, anauza ndizi za Kisii, na hajawahi kusomea sheria hata ya barabarani. Aliitwa kortini mara moja kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi, hakimu akamwambia asante, na tangu hapo hakuna jambo lisilo na kifungu. Wa pili ni Stima, aliyekuwa akifunga nyaya za umeme mjini mpaka shoti ikamrusha kutoka kwenye ngazi. Kisha Rael, tunayemwita Mama Mbuta kwa sababu ya samaki anaouza, mwanamke wa sauti kubwa na ndoo kubwa zaidi. Alikuwa ameilipa Nyota barafu ya mwezi mzima kabla haijafungwa. Barafu hakupata, na samaki wake walioza mpaka paka wakawakataa.

Wa mwisho ni Mzee Masese. Huyo hakuwa na jina la utani, maana hakuna aliyethubutu. Alikuwa mkata barafu ndani ya Nyota tangu ujana, na barafu ilikuwa imemwibia hisia kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, hata akishika kikombe cha bati cha Hibo kikitoka motoni hahitaji kitambaa. Kila mwezi walimkata mshahara wakisema ni pensheni yake wanamwekea. Alipostaafu wakampa kidogo, wakampa kidogo tena, halafu kufuli.

Na shida yake sote tuliijua ingawa hakuisema. Alikuwa amejenga nyumba kwao Ntimaru, huko juu Kuria, kwa matofali mabichi ya udongo. Kuta zimesimama, madirisha yamewekwa, lakini juu hakuna kitu. Mabati yalikuwa yakingoja pensheni. Mkewe, Boke, alikuwa anafunika kuta na majani ya migomba na karatasi za nailoni, na masika yalikuwa yanakuja. Mvua moja kubwa ikinyesha juu ya kuta zile, zinarudi kuwa tope. Kwa hiyo mzee akifika hapa asubuhi alitazama mbingu kwanza, ndipo akatusalimia.

Sisi tuliona tunamsaidia kwa kulinda kufuli. Wakili alituambia kwamba mashine zikiwa ndani, siku moja lazima ziuzwe, na zikiuzwa wenye haki watalipwa. Basi mchana nililinda mimi, usiku alilala Stima pale kwa geti na rungu lake. Hata mbuzi hakuligusa geti lile. Tulijisifu sana, nasema ukweli, na mimi ndiye niliyejisifu kuliko wote.

Sasa ilikuwa asubuhi ya joto, mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kisii, na wanabishana tena kilichoiua kampuni.

— Baridi iliisha, alisema Stima.

Nikamuuliza baridi inaishaje.

— Omera, ndugu yangu, dhahabu haikuisha kule Migori? Waliichimba ikaisha. Na hawa walichota baridi ya ziwa hili miaka yote, wakaiuza mabonge kwa mabonge. Wewe huoni siku hizi joto limezidi? Baridi yetu iko kwenye matumbo ya samaki huko Ulaya.

Wakili alimwacha amalize, akafuta kinywa kwa leso, akasema hiyo ni fizikia na hapa tunataka sheria. Akatuonyesha ubao wa kampuni juu ya geti, ambao mvua za miaka zimeufuta nusu.

— Soma neno la mwisho. Limited. Maana yake lawama ina mpaka, na mpaka wenyewe ni hilo geti. Kampuni ikifa, deni linafia ndani. Mwenye kampuni anatoka na suti yake, anapanda gari. Hata umkute hotelini anakula kuku, si yeye unayemdai. Unayemdai ameshakufa.

— Kwani aliyekula pesa zangu ni ubao? aliuliza Rael.

— Kisheria, ndiyo.

— Yawa! Basi nishikie ngazi nikauteremshe niupige.

Stima akaongeza kwamba yeye amesikia wakubwa wenyewe hawakwenda Nairobi. Wako ndani bado, wamejigandisha kwenye chumba cha barafu, wanangoja madeni yasahaulike ndipo wayeyuke. Alisema usiku husikia mtu akikohoa. Hibo, akimimina kahawa, alisema anayekohoa ni Stima mwenyewe, maana analala kwenye baridi kama mjinga. Tukacheka. Mzee Masese alicheka pia, kidogo, akatazama yale mawingu.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa stendi, amebeba kiondo na miguu yake imejaa vumbi jekundu ambalo si la hapa. Mzee alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisimama. Alikuwa Boke. Alikuwa ameshuka kutoka Ntimaru, akalala Migori kwa dada yake, akaja kuona kwa macho yake hiyo kampuni inayochelewesha mabati. Tulimpa nafasi benchini. Rael akamwambia karibu mama, pole na safari. Hibo akamletea kahawa, Boke akaionja, akakunja uso, akaimaliza kwa heshima.

Alitaka kujua mumewe atalipwa lini. Wakili, mwenye huruma lakini mdomo haufungi, alimweleza yote tangu mwanzo, ya mpaka wa lawama na deni kufia ndani. Stima naye akamweleza ya baridi. Mama wa watu alisikiliza bila kukatiza. Kisha akauliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kule juu.

— Mrithi ni nani?

Wakili akamuuliza mrithi wa nani.

— Nauliza hivi. Mtu akifa kwetu, kabla hajateremshwa kaburini, mmoja anasimama mbele ya watu anasema, anayemdai marehemu ajitokeze. Na mtu wa ile boma anasimama anasema, deni la huyu niulizeni mimi. Ndipo mnazika. Kwenu sivyo?

Ni hivyo hivyo. Kwa Wajaluo, kwa Wakisii, kwa Wakuria, hapo hatutofautiani. Nimekaa kwenye matanga mengi, na sijaona mtoto akachukua ng'ombe za baba yake mbele ya watu halafu madeni akayaacha nje ya boma. Angetemewa mate.

— Haya, akasema Boke. Hii kampuni imekufa. Nani amechukua ng'ombe zake?

— Hakuna aliyechukua, mama, nikamwambia, na kifua mbele. Mashine ziko ndani. Tumelinda geti.

Akanitazama, akalitazama geti, akatazama maji yakimetameta nyuma ya paa la kiwanda. Nilisikia joto likinipanda shingoni kabla sijajua kwa nini.

Rael ndiye aliyetufumbua macho. Alianza kwa kulalamika tu, kama kawaida yake, eti hata barafu ya siku hizi haina adabu. Tangu Nyota ifungwe anakwenda kununua Karungu, huko Migori, kwa kampuni mpya inayoitwa Ziwa Safi. Juzi wamempa barafu ya sikio moja na hawakumwongeza hata kipande.

Lazima nieleze. Barafu hugandishwa kwenye mikebe mirefu ya bati. Pale Nyota kulikuwa na mkebe mmoja uliowahi kuangushwa ukabonyea pembeni, kwa hiyo kila bonge lililotoka humo lilikosa pembe moja, kama kichwa kilichokosa sikio. Wamama wa samaki walilikataa kwa sababu ni dogo. Mzee Masese akaanzisha desturi yake. Ukikubali kuchukua bonge la sikio moja, anakukatia kipande cha ziada kwa shoka, bila malipo. Wamama wakaanza kuligombania, na mji mzima ulilijua.

Mzee alikiweka kikombe chini.

— Pembe gani imekosekana?

— Ya juu, upande wa kushoto. Ile ile ya kila siku, na mimi nikawaambia nyongeza yangu iko wapi, wakanicheka.

Alikuwa ananyanyua mkono kuendelea kulalamika, mkono ukabaki hewani. Tuliona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameinunua barafu ile mara mbili, ameibeba, amepakia samaki juu yake, amekasirika njia nzima hadi nyumbani, na kilichomkasirisha ni kukosa nyongeza tu.

— Mama yangu, alisema. Ni mkebe wetu.

Tukakimbia nyuma. Kuzunguka ule ukuta unapita kwenye matete mpaka ufike majini, na sisi watu wa ziwa, waliozaliwa na kulelewa kwenye maji, hatukuwahi kufika huko tangu kufuli liwekwe. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na sakafu na panya. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akatuambia bila wasiwasi kwamba mashine zilipakiwa kwenye mashua kubwa za mchanga, zikazunguka kisiwa cha Rusinga, zamani sana. Alidhani tunajua, maana Stima alikuwa amelala pale mbele.

Sikumwangalia Boke usoni nikirudi. Ila yeye hakutukemea. Alikuwa anajifunga leso kiunoni.

— Sasa tunajua boma, alisema. Twendeni matanga.

Tulifika Karungu siku iliyofuata, sisi wote wa benchi, hata Hibo, aliyefunga duka na kubeba birika. Tulikwenda na wamama wa samaki ambao Rael alikuwa amewakusanya, na wastaafu wengine wa Nyota waliosikia. Kiwanda kipya kimejengwa karibu na maji, kimepakwa rangi ya buluu inayonuka bado. Kwa mlango tuliona mikebe imepangwa, na wa tatu kutoka mwisho umebonyea. Mzee Masese aliutazama, akatazama pembeni, na mimi nikaumia kwa niaba yake.

Mwenyewe alitoka, kijana anayeitwa Nyamongo, mpwa wa yule mkubwa wa Nyota, viatu vinang'aa. Wakili alijaribu kuzungumza naye kisheria. Kijana akamjibu kwa upole kabisa kwamba hii ni kampuni nyingine, imesajiliwa upya, mashine aliuziwa na mjomba wake, na ya Nyota yaulizwe Nyota. Wakili akageuka kutuangalia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyagwa na lori aliloliuza mwenyewe. Yalikuwa maneno ya Wakili mwenyewe, yale yale ya kila asubuhi benchini.

Boke hakubishana. Alivua kilemba, akaketi chini kwenye mchanga mbele ya mlango, akanyoosha miguu kama wanavyoketi wafiwa. Rael akaketi karibu naye. Wakaketi wamama wote. Stima akakusanya kuni akawasha moto, kama tunavyowasha kwa nyumba iliyofiwa, na Rael, ambaye ni Msabato na ana sauti ya kujaza kanisa, akaanzisha wimbo wa kuzika.

— Nani amekufa? aliuliza Nyamongo.

— Kampuni ya Barafu ya Nyota, alisema Boke. Tumekuja matanga.

— Mama, nimewaambia hii ni kampuni nyingine.

— Tumesikia. Wewe ndiye mrithi.

Alicheka, akaingia ndani. Hakujua bichi za huku, fukwe za wavuvi. Palipo na matanga mashua hazishushi samaki, hilo hata mtoto wa Karungu anajua. Wavuvi waliporudi asubuhi na kuona moto na wamama wameketi chini, walivua kofia, wakauliza marehemu ni nani, wakaelezwa. Nilitegemea wacheke. Mzee mmoja wa bichi aliuliza swali moja tu, kama marehemu alikuwa na madeni. Tukasema ndiyo. Akauliza kama kuna aliyesimama kuyajibu. Tukasema hapana. Akawapungia wenzake mkono, na mashua zikageuka kwenda kushusha samaki kwingine. Pasipo samaki hakuna anayenunua barafu. Mashine ziliendelea kunguruma huko ndani, zikigandisha barafu isiyo na mnunuzi, na mabonge yakaanza kutolewa nje kwa kukosa nafasi. Yaliyeyuka kwenye jua mbele yetu.

Wakili ndiye aliyenishangaza. Alikuwa amekaa peke yake tangu jana, kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jioni alisimama, akafunga vifungo vya koti lake la kuuzia ndizi, akaenda kusimama karibu na moto. Watu wa Karungu walikuwa wamejaa kutazama. Kwa ile sauti aliyompa hakimu siku ya mbuzi akasema:

— Kama kuna anayemdai marehemu, asimame aseme.

Rael akasimama, akasema barafu yake. Wakasimama wamama. Wakasimama wastaafu mmoja mmoja, na mwisho Mzee Masese. Alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya moto, vile vidole viwili karibu kabisa na mwali, na hakuvitoa.

— Mimi nadai paa, alisema.

Nyamongo alikuwa mlangoni. Sijui ni vile vidole, au maji ya barafu yaliyokuwa yanamiminika miguuni pake, au wamama wa Karungu waliokuwa wameanza kumtazama kama mtu anayekula kwenye msiba. Alivua kofia yake. Ndipo nikajua amekwisha, maana mtu havui kofia kwa msiba wa kampuni nyingine.

— Madeni ya marehemu, alisema, niulizeni mimi.

— Rudia, alisema Wakili. Watu wa nyuma hawajasikia.

Akarudia. Na Wakili, Mungu ni shahidi, alijifuta machozi kwa ile leso ya kufutia kahawa.

Siwadanganyi kwamba yote yalinyooka. Yule mjomba wa Nairobi hatujamwona mpaka leo, na hilo linaniuma, kwa sababu kijana alilipa kosa ambalo nusu yake si lake. Pensheni za wastaafu wengine hutoka Karungu kwa kusuasua, mwezi huu ndiyo, mwezi ule kesho. Rael analipwa barafu kidogo kidogo, pamoja na nyongeza, aliyoidai kwa sauti mpaka ikaandikwa ukutani pale kiwandani. Stima aliomba fidia ya usiku wote aliolala getini, tukamwambia atafute aibu kidogo. Lakini madai ya mzee yalikuwa ya kwanza. Asubuhi iliyofuata Nyamongo alimpakia yeye na Boke kwenye pikapu yake hadi Migori, kwa duka la vifaa la Noordin, wakachagua mabati, mbao na misumari, gari likapanda Ntimaru na mzee ameketi juu ya mabati yake. Alikataa kukaa mbele na dereva.

Kisha mvua ikaja, na ilikuja vibaya. Ilinyesha usiku kucha, ikabeba daraja dogo la kule sokoni na kuku wawili wa Hibo. Kwa siku kadhaa hatukusikia lolote kutoka Kuria. Tulikaa benchini tumejikunyata chini ya kibanda changu, na hakuna aliyezungumza sheria wala baridi. Nilikuwa na hofu, nasema wazi. Nilikuwa naona kuta zile usingizini.

Asubuhi moja mzee akatokea, akiteremka barabara na mwavuli, viatu vimejaa tope jekundu. Alikuwa amekwenda Karungu kuchukua pensheni ya mwezi, akaja mpaka kwetu. Aliketi mahali pake. Hakutazama mbingu. Hibo akampa kikombe, akakishika bila kitambaa, akanywa. Sisi tulimngoja, na mimi nikakosa subira kama kawaida yangu.

— Mzee, nyumba?

Akakunja uso, akatikisa kichwa.

— Sijalala tangu mvua ianze.

Rael akashika mdomo. Wakili akaacha kutafuna.

— Mabati yana kelele, akasema. Usiku mzima, juu ya kichwa. Namwambia Boke hata sikusikii unavyosema, na yeye ananiambia sijasema kitu, lala.

Akanyoosha kikombe kuomba kingine. Hibo akainamisha birika, halikutoa hata tone. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyempa mzee pole ya kukosa usingizi.